Tarumbeta Nyumbani kwa Nashilu

Siku garimoshi la kwanza lilipoingia Moshi, Aminieli alipuliza tarumbeta mbele ya umati usiohesabika na pumzi haikumkatika. Miezi michache baadaye alisimama nje ya nyumba ya Nashilu, huko Akheri, kwenye mteremko wa Meru, nyumba ya majani ambayo watu thelathini wangebanana humo, akashindwa kupiga hodi.

Tabea, binti Nashilu, ndiye aliyemwita. Alikuwa anaolewa siku ya pili yake, naye alimpelekea mwalimu wa bendi ya Aminieli ujumbe kwamba angependa mtu wa kwao aje awapigie wa nyumbani, kabla ya mambo ya kanisani. Bendi nzima ya Moshi haikuweza kuja. Walikuja wawili tu, Aminieli na Dismasi, mpiga ngoma wa Kilema.

"Nyumba yenyewe ndiyo hii?" Dismasi aliuliza, akicheka kidogo. "Ukipuliza kwa nguvu paa linaondoka."

Aminieli aliinama kuingia mlangoni. Miaka kumi na miwili alikuwa hajakanyaga Akheri.

Ndani walimpokea kama mtoto aliyepotea. Mzee Sakaya, ambaye kaka yake alichukuliwa siku ile askari walipokuja, alimshika mkono asiuachie. "Shikamoo, mzee," Aminieli alisema. Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mgongo ulipona?"

"Ulipona, mzee."

"Walikuchapa vibaya. Sisi huku tulikuwa tukikuombea."

Ndivyo Akheri ilivyoamini. Msimamizi mmoja Mjerumani alikuwa akitafuta watu wa kubeba mawe ya daraja, na wanaume wote wakajificha msituni. Asubuhi moja baragumu la Aminieli likalia, mwito wa kuwaita watu ngomani ambao kila mtu aliujua, na wanaume wakatoka wakidhani hatari imepita. Askari walikuwa wakivizia kwenye migomba. Wakakamata thelathini na mmoja. Loishiye, mumewe Nashilu, alifukiwa na ukingo wa mto ulipoporomoka, na kaka yake Sakaya alikufa kwa homa huko huko kwenye kambi ya daraja. Watu wakasema kijana wa watu alichapwa mpaka akakubali kupuliza, kisha akapelekwa Moshi kwa nguvu. Hakuna aliyemlaumu.

"Vua hilo koti, baba," Nashilu alimwambia. "Humu mna joto."

"Nimezoea, mama."

Walianza kupiga. Dismasi aliibembeleza ngoma kwa vidole, na Aminieli akaziba mdomo wa tarumbeta kwa kofia yake ili sauti itoshe chumba. Kule Moshi alikuwa akiwapigia watu asiowaona nyuso. Hapa goti la Tabea lilikaribia kumgusa, na wanawake walipoitikia aliona machozi ya kila mmoja. Walimtazama kwa huruma. Angepokea matusi kwa urahisi zaidi.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, Nashilu aliinuka, akaenda uvunguni mwa kitanda, akarudi na baragumu lililofungwa kwenye ngozi. Lilikuwa lake Aminieli, lililobaki siku aliyoondoka.

"Nilikutunzia," alisema. "Utupigie ule mwito. Loishiye aliupenda. Nataka binti yake ausikie kabla hajatoka kwangu."

Aminieli alilipokea. Pembe ilikuwa imepakwa mafuta, safi, haina hata utando. Alilipeleka mdomoni, akalishusha.

"Mama, naomba tutoke nje kidogo."

Walisimama kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Mchana ulikuwa mweupe na mlima ulikuwa wazi. Aminieli alitafuta namna ya kuanza, akaikosa, akasema tu.

"Hawakunichapa."

Nashilu alimtazama.

"Hata kofi moja, mama. Ningevua koti mngeona mgongo mzima."

"Basi walikutisha."

"Hawakunitisha. Walinionyesha tarumbeta. Wakasema nikiwaita watu, nitafundishwa na nitakuwa nalo."

"Ulijua askari wako kwenye migomba?"

"Nilijua. Nilijiambia watabeba mawe mwezi mmoja, watarudi."

Nashilu alikaa juu ya gogo la mgomba lililokatwa. Ndani walikuwa wakicheka jambo alilosema Dismasi.

"Siku ile Loishiye hakuwa msituni," alisema. "Alirudi usiku, akalala. Mimi ndiye niliyemwamsha. Nilimwambia, amka, baragumu linaita, mambo yamekwisha. Miaka yote hii nimesema ni mimi niliyemuua, maana wewe ulilazimishwa na mimi sikulazimishwa na mtu."

Aminieli alitaka kupiga magoti. Hilo hakuwahi kulifikiria hata mara moja, kwamba uongo uliomkinga yeye ulikuwa umemwangukia mtu mwingine.

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Leo ni siku ya Tabea." Alijipangusa uso kwa upindo wa nguo. "Rudi ndani, umalizie alichokuitia. Baragumu niachie. Kesho, watu wakitoka kanisani, utakuja hapa umwambie Sakaya na wenzake kama ulivyoniambia. Usinitume mimi."

Aminieli alirudi, akapiga mpaka jua likapungua ukali. Dismasi alisema baadaye kwamba hajawahi kumsikia akipiga vizuri vile, na Aminieli akamwomba asilirudie neno hilo.

Kesho yake, baada ya arusi, alisimama uani mbele ya wanaume saba akasema yote. Hakujitetea. Sakaya alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akauliza swali moja tu, kama kaka yake alikuwa wa kwanza kutoka msituni au wa mwisho. Aminieli alisema alikuwa wa kwanza, alitoka akikimbia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake, akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kuaga. Tabea alikuwa amesimama mlangoni na mumewe. Alisikia, akageuka akaingia ndani.

Nashilu peke yake alibaki. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika juu ya mlima.

"Ondokeni sasa," alisema. "Ikinyesha huku juu, mto Usa hauvukiki."

Alisema kama ambavyo angemwambia msafiri yeyote aliyepita njia. Aminieli alimshukuru, akamwita Dismasi, wakateremka.