Mlango wa Jiko Langu

Mjukuu wangu Ruthu alimaliza chuo cha ufundi, akapata kazi kwenye karakana ya Halfani kule Kizota. Alisomea kuchomelea mageti. Alichokabidhiwa ni brashi ya rangi na birika la chai: wanaume wachomelee, yeye apake na amimine. Mwisho akanijia kijijini Mvumi, kanuna kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Bibi, mavuno yakiisha nikiwa bado napika chai, narudi kulima."

Kulima sikatai, mgongo wangu unahitaji msaidizi. Ila huyu mtoto akizungumzia chuma macho yanamng'aa kuliko akizungumzia wachumba, na wachumba nimemletea wazuri. Nikavaa kitenge kipya, nikaenda Kizota mwenyewe.

Halfani ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa adabu. Aliponiona tu akazima mashine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nataka mlango wa chuma wa jiko langu. Ila kuna jambo." Nikashusha sauti, nikatazama chini kama bi harusi. "Sisi Wagogo tuna mila. Mlango wa jiko la ajuza hautengenezwi na mwanaume. Akiugusa, mboga zinachacha mpaka nife."

Mila hiyo niliitunga njiani. Ruthu akainamia ndoo yake ya rangi, mabega yanamtikisika.

Halfani akakuna kidevu. "Mila ni mila, bibi. Hatuwezi kukuharibia mboga. Ruthu! Weka chini hiyo brashi."

Siku ya kuufunga mlango jikoni kwangu walikuja wote wawili. Ruthu akaingia na vifaa. Halfani akabaki uani, kaupa mlango mgongo asije akauharibu hata kwa macho, anaelekeza kwa kupiga kelele.

"Bawaba ya juu umeinyoosha?"

"Nimeinyoosha, bosi!"

"Usinidanganye, sioni!"

Hapo ndipo mume wangu Gabrieli akatokea shambani, jembe begani.

"Huyu mbona kageukia ukuta kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeadhibiwa?"

"Ni mila yenu, mzee," Halfani akasema. "Mwanaume hagusi mlango wa jiko."

"Mila gani? Jiko zima hili kajenga fundi Rodgers, na mvua ilipomkuta akalala humo humo!"

Nilitamani kummeza. Halfani akageuka taratibu, akanitazama. Nikajifanya nafukuza kuku. Kuku mwenyewe hakuwepo.

Ruthu alisimama mlangoni, nyundo mkononi, kicheko kimemkauka. Halfani akampita. Akausukuma mlango, akauvuta, akapitisha kidole kila palipochomelewa, akauning'inia kwa uzito wake wote. Haukulia hata kidogo.

"Nani alikusaidia?"

"Si mila ilikataza, bosi?"

Halfani akaangua kicheko. "Haya. Geti la shule tunaloanza Jumatatu ni lako. Na chai tutapika kwa zamu." Akanigeukia mimi. "Sasa bibi, nasi Warangi tuna mila. Ajuza akimdanganya fundi, anamlisha mpaka ashindwe kuinuka."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi." Akaketi mkekani.

Nikamwita Ruthu aje asonge ugali.

"Mimi fundi, bibi. Nimechoka," akajibu, akajinyoosha mkekani kando ya bosi wake.

Nami nikajinyoosha kando yake. Tukamtazama Gabrieli, sote watatu, mpaka akaweka jembe chini, akafungua mlango mpya, akaingia kutafuta mwiko.

Ugali ulikuwa na madonge. Tuliumaliza wote.