Udongo wa Bi Draha

Kila mwaka, siku za wale wanaoitwa watakatifu watatu wa baridi zikishapita katikati ya Mei na kuondoka na barafu yao, wenye bustani za nyuma ya reli pale Kyjov, mji mdogo wa Ucheki, hukutana kwenye kibanda cha chama kugawana miche. Hakuna anayeuza. Unaleta ulichonacho, unachukua usichonacho, kisha unakaa kusikiliza, maana pale hakuna anayetoa mche bila kueleza ulikotoka na ulivyomsumbua.

Mwaka ule Drahomíra Vaculíková, ambaye wote walimwita Bi Draha, alileta udongo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, karani mstaafu wa posta, na kwa robo karne alikuwa akiivisha mboji kama wengine wanavyoivisha mvinyo: maganda ya jikoni, majani ya vuli, majivu kidogo, na samadi ya farasi aliyoletewa na Hynek mwenye zizi kule juu mlimani. Udongo huo ulikuwa mweusi, mwepesi, unanukia msitu uliotoka kunyeshewa. Watu walipanga foleni na ndoo zao.

"Huu mtu anaupaka kwenye mkate," alisema Ctibor, fundi reli wa zamani mwenye bustani ya pili kutoka kwake, akiusogeza puani. "Bi Draha, siku ukifa utuachie lundo. Nyumba wape ndugu zako."

"Nikifa mnizike humo humo, niwaoteshee nyanya."

Wakacheka. Milada Šebestová peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kopo la maharagwe yenye madoa mekundu, mbegu aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wake, katika kijiji ambacho sasa kipo chini ya maji ya bwawa. Kila mwaka alipanda nusu na kuweka nusu. Lakini majira ya baridi fukusi waliingia kwenye kopo la akiba.

"Nimebakiwa na punje sitini," alimwambia Bi Draha kwa sauti ya chini. "Mwaka huu nazitia zote ardhini. Na nitazitia kwenye udongo wako, dada. Wa mtu mwingine siuamini."

Bi Draha akamjazia ndoo tatu, akamsindikiza na toroli hadi getini.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Radovan Hudák, Mslovakia aliyehamia vuli iliyopita. Huyu alikuwa mtu wa majaribio. Alitandaza sufu ya kondoo kuzunguka mimea yake ili kuzuia jua na konokono, na Ctibor alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba mgeni anavisha vitunguu sweta.

"Asante mama," alisema Radovan. "Ngoja kwanza nione wangu unaweza nini."

Lilikuwa jibu la adabu. Hata hivyo wapo waliolichukulia vibaya.

Wiki ya kwanza ya Juni Bi Draha aliona nyanya zake zimekunja vilele. Majani mapya yalikuwa membamba, yamejisokota kwa ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Akasema ni baridi ya alfajiri. Akamwagilia. Baada ya siku nne na maharagwe yakaanza, kisha njegere, kisha alizeti zilizoota zenyewe kando ya uzio. Vitunguu vilikuwa vizima. Mahindi yalikuwa mazima, tena yamenawiri. Hilo lilimtia hofu kuliko yale yaliyokunjamana, na hakujua kwa nini.

Jumamosi Ctibor alisimama kwenye uzio, kofia mkononi.

"Zako pia?"

"Zangu pia."

"Maharagwe ya Milada yamechomoza juzi, tayari yamepinda. Na za kule mwisho karibu na kisima. Wote, dada. Isipokuwa mmoja." Akaelekeza kidevu upande wa bustani ya Radovan, ambako nyanya zilisimama wima juu ya sufu yao, kijani kibichi. "Mtu wa majaribio. Amepuliza kitu, upepo umetuletea. Magugu yake yamekwenda wapi? Uliwahi kumwona amepiga magoti akang'oa?"

Bi Draha alikuwa amemwona mara nyingi. Lakini alijibu tu, "Sijui, jirani," na hilo likatosha kwa Ctibor.

Jumatatu mpwa wake Jolana alimpigia simu kutoka Brno. Anakaa ghorofa ya nne, na Pasaka alikuwa amebeba mfuko wa udongo wa shangazi kwa ajili ya nyanya moja ya kwenye roshani.

"Shangazi, hii nyanya yangu ina nini? Nimekutumia picha. Imejikunja juu kama nywele."

Bi Draha aliitazama picha ile akiwa amesimama jikoni. Kutoka Kyjov mpaka Brno hakuna upepo unaobeba dawa na kuipandisha ghorofa ya nne. Alivuta kiti akakaa. Nje, jirani alikuwa akikata majani, harufu yake nzuri ikaingia dirishani, naye akainuka akafunga dirisha.

Wakulima wa pale wana usemi wao: ukiushuku udongo, muulize haragwe. Alichukua vyungu vitatu. Kimoja alitia udongo wa chini ya kichaka cha hazeli, ambao haukuwahi kuguswa na samadi. Cha pili, wa lundo lake. Cha tatu aliuchanganya ule wa kichaka na samadi mbichi ya Hynek. Akapanda punje nne nne, akaviweka dirishani, akachora alama kwa penseli. Hakumwambia mtu. Alijiambia ni haki kusubiri, kwamba hawezi kuwatisha watu kwa jambo asilo na hakika nalo. Lakini kila alipopita kwa Milada alitembea upande wa pili wa njia.

Siku ya nane alipanda basi kwenda kwa Hynek. Alimkuta anapiga kwato brashi.

"Hynek, farasi wako wanakula nini?"

"Majani makavu, watakula nini kingine? Mwaka jana malisho yangu yaliungua kwa jua, nikachukua kwa mtu kule bondeni." Akainua kichwa. "Mazuri, hayana mbaruti hata mmoja, lile gugu la miiba."

"Hayana mbaruti kwa nini?"

"Yule mtu amepulizia shamba lake. Dawa inaua mbaruti, nyasi inaziacha. Farasi hawadhuriki, wamekula, wameshiba, wamekunya. Una nini, mama? Umebadilika uso."

"Mwingine umempa samadi hiyo?"

Hynek akafikiri, brashi hewani. "Mwaka huu? Nani hakuchukua. Waliokuja na matrela sikuwauliza majina."

Aliporudi alasiri ile alimkuta Radovan amechutama mbele ya kibanda chake cha kioo. Vioo vitano vilikuwa vimevunjwa. Sufu ilikuwa imeng'olewa na kutupwa njiani, imekanyagwa. Aliokota vipande kimoja kimoja akivitia kwenye beseni, taratibu, kama mtu anayechuma matunda.

"Mama," alisema bila kuinuka, "wewe ni mtu wa siku nyingi hapa. Nimewakosea nini?"

Angeweza kumwambia pale pale. Maneno yalifika mpaka mdomoni.

"Sijui, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Siku ya kumi na nne haragwe wa kichaka alikuwa amefungua majani mapana kama viganja. Wa lundo alikuwa amekunja ngumi. Wa samadi mbichi hakuwa na umbo la kusemeka. Alitoka ardhini akiwa amepinda shingo, akabaki hivyo.

Jumapili kulikuwa na mkutano kibandani. Jambo lilikuwa moja, kumtoa Radovan. Mwenyewe alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Kabla mwenyekiti hajamaliza kusalimu, Bi Draha aliingia na sinia, akaviweka vyungu vyake mezani.

"Ni udongo wangu," alisema. "Hakupuliza mtu. Dawa iliingia kwenye majani, majani yakaingia kwenye farasi, farasi kwenye lundo langu. Mimi ndiye niliyewagawia. Kila aliyenijia na ndoo."

Ctibor, aliyekuwa na plasta kwenye vidole viwili, aliingiza mkono mfukoni. Akatazama sakafu.

Milada akasimama. Alikwenda mezani akakishika chungu cha pili, akakizungusha kwenye mwanga.

"Ulianza kushuku lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili." Alisema kama anayemrudishia mtu kitu chake. "Wiki mbili zilizopita yalikuwa na majani mawili tu. Ningeyang'oa nikayahamisha. Kila siku nimekuwa nikiyamwagilia, Draha. Unaniona, unavuka njia."

Bi Draha alianza kurudisha kwenye sinia vyungu viwili vilivyobaki.

Aliyesema ni Radovan, kutoka nyuma. "Kwangu kuna tuta tupu. Twende sasa hivi, mama Milada, kabla jua halijawa kali."

Walihamisha mimea arobaini na tisa asubuhi ile, Milada na Radovan, mizizi imeoshwa kwa maji ya kisima. Bi Draha alibeba maji. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemshukuru. Mingi ilikufa ndani ya wiki moja. Septemba yakapatikana maganda machache yaliyopotoka, na ndani yake punje kumi na moja. Milada alizifunga kwenye leso. Bi Draha alisikia habari hiyo kwa Ctibor, si kwa Milada.

Majira yote ya kiangazi Bi Draha alizunguka na toroli nyumba kwa nyumba akichimbua udongo wake na kuurudisha. Wengine walimsaidia. Wengine walimfungulia geti wakaingia ndani. Shule ya chekechea nayo ilikuwa imechukua. Lundo lilikuwa refu kuliko yeye, na alilifunika kwa turubai jeusi, maana hapakuwa na mahali pa kulitupa ambapo si ardhi ya mtu.

Masika yaliyofuata alipanda tena haragwe kutoka lundo lile. Akakunja ngumi, dhaifu kidogo kuliko mwaka jana, lakini akakunja.

Wiki hiyo hiyo alikwenda sokoni kununua mbegu za figili. Pembeni ya chemchemi mtu asiyemjua alikuwa ameegesha gari dogo lililojaa magunia, na ubao umeandikwa kwa mkono: samadi ya farasi, safi, bila magugu. Foleni ilifika hadi kona ya kanisa. Wanawake wenye vikapu vya magurudumu, mzee mmoja na mkewe, wakicheka, wakiulizana nani ataweka wapi.

Bi Draha alikwenda mwanzo wa foleni.

"Samahani," alimwambia mwanamke wa kwanza. "Muulize kwanza farasi wamekula nini."

"Mama, panga foleni kama wenzako," alisema mwenye gari.

Mwanamke yule alimtazama Bi Draha, akalitazama gunia, akainama akanusa. "Mbona inanukia vizuri tu," alisema, akaliweka kwenye kikapu chake, na nyuma yake foleni ikasogea hatua moja.

Bi Draha akamgeukia wa pili.