Mwanga wa Kitanda cha Dirishani

Mfuko wa mkojo wa kitanda cha dirishani ulianza kuwaka saa nane mchana, mweupe pe. Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amemshika mkewe mkono, alitoa miwani yake ya kazi akaivaa, kisha akasogeza kiti ili muuguzi apite.

Ini la mkewe lilikuwa limechoka. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, na dawa ya kuyatoa ilimkojoza kutwa. Mikono ilimtetemeka. Kwenye skrini, mapigo ya moyo yalikwenda shaghalabaghala.

"Ni magnesiamu, madini yanayotuliza moyo," daktari alisema, akijikinga macho kwa kiganja. "Inamtoka na mkojo, ndiyo inayowaka hivyo."

"Basi mrudishie, daktari."

"Figo nazo zimechoka, mzee. Nikizidisha, moyo utasimama. Lazima nipime damu kwanza. Mashine tunayo, dawa ya kupimia ndiyo hatuna. Tumeagiza."

"Tangu lini?"

"Tangu mashine ije."

Umeme ulipokatika, muuguzi aliubeba mfuko kwa mikono miwili hadi chumba cha upasuaji, ambako mama mmoja alikuwa ameshapasuliwa na mtoto hajatoka. Fundi alimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amechomelea mageti maisha yake yote, hajapata kuona mwanga uliotulia vile, usio na cheche wala moshi. Kila mshipa ulionekana. Daktari wa upasuaji akaingiza mikono. Mtoto akalia. Fundi akavua miwani, macho yaume yakitaka, akatazama. Alimwonea fahari mkewe kuliko siku ya harusi.

"Taa ya nani ile?" mkewe aliuliza fundi aliporudi kitandani kwake.

"Yako, mama watoto."

"Haya! Na wewe balbu ya jikoni imekushinda."

Walicheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Msimamizi wa hospitali aliamuru mifuko itundikwe kwenye korido. Wapita njia walishusha sauti, wengine wakavua kofia. Mwanga wa kila mfuko mpya ulikuwa hafifu kuliko wa ule uliotangulia. Kila asubuhi fundi aliulizia dawa ya kupimia, naye akaambiwa subira yavuta heri.

Alhamisi moyo ulisimama. Korido iliendelea kuwaka. Msimamizi alikuja mwenyewe kutoa pole, akamshika fundi bega. Kisha akamwuliza muuguzi, kwa upole, kama wodi ya pili kuna mgonjwa mwingine wa ini.

"Yupo," muuguzi alisema. "Bado kijana."

"Basi mleteni."