Bei ya Ubatizo wa Joab

Nasipwondi alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, tena wala halikuwa kubwa: asikie Misa kwa lugha anayoielewa kabla hajafa. Hakuomba afya, hakuomba mali, hakuomba nyumba ya mabati kwao Bungoma. Alitaka ajue ni maneno gani hayo yaliyomtoa nyumbani kwa mumewe. Basi mwaka ule wa sitini na tano, padri kijana alipotangaza kwamba maaskofu wamekubaliana huko Roma na sasa Misa yaweza kusomwa kwa Kiswahili, mama wa watu alibaki palepale kwenye benchi akibubujikwa na machozi. Waliomwona wakasema ameguswa na Roho. Roho gani! Alikuwa amekasirika.

Hasira yenyewe ilianzia mbali. Joab, fundi wa reli, aliletwa Mombasa na kazi akiwa na wake wawili, Jael wa kwanza na Nasipwondi wa pili, wakapewa nyumba za reli upande wa Makupa. Wanawake hao walipatana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Jael aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, Nasipwondi ndiye aliyemkanda mgongo. Nasipwondi alipolala na homa ya pwani, Jael ndiye aliyemkorogea uji na kumlisha. Kisha Joab akaingia dini. Alisoma katekisimu akaimaliza, na siku ya ubatizo ilipokaribia, padri mzee wa wakati ule akamwambia waziwazi: hakuna maji ya ubatizo kwa mtu mwenye wake wawili, wa pili aondoke. Joab akajaribu kuombaomba. Akajibiwa kwamba sheria ya Kanisa haibadiliki, jana, leo na milele.

Akamwondoa. Hakumpiga wala hakumtukana, hilo tumpe. Alimbebea sanduku lake mpaka barabarani, akamtia mkononi nauli ya gari-moshi, akarudi ndani akafunga mlango. Jumapili iliyofuata akamwagiwa maji kichwani, watu wakampigia vigelegele.

Nasipwondi hakupanda gari-moshi. Arudi kwao aseme nini? Kwamba ameachwa kwa kosa gani, la wizi au la uchawi? Alishika njia kwa miguu mpaka Mji wa Kale, akauliza chumba nyumba kwa nyumba, na Bi Mwanaesha, mjane mmoja wa kule, akampa cha uani. Akaanza kuuza mboga Marikiti. Na alipokwisha kusimama kwa miguu yake, akafanya jambo lililowashangaza wote: na yeye akaenda kubatizwa.

Bi Mwanaesha alishika mdomo. Alimwambia yeye umri wake wote hajaona mtu wa kufukuzwa na watu kisha akawafuata nyuma. Kwao Waislamu, alisema, Nasipwondi angekuwa na nyumba yake na zamu yake, na mume akileta mchezo angeitwa mbele ya kadhi ajieleze. Nasipwondi akamjibu kwamba mtu akiibiwa, hwenda kumtazama mwizi usoni. Bi Mwanaesha akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Lakini huyo mwizi hakuonekana uso. Miaka yote Nasipwondi aliketi upande wa wanawake akiutazama mgongo wa padri, naye padri akinong'ona na ukuta kwa Kilatini. Sauti aliisikia, neno hakulipata. Alipiga magoti wenzake walipopiga, akasimama waliposimama. Upande wa pili, benchi la mbele, aliketi Joab na tai yake shingoni, sasa mzee wa kanisa anayeheshimiwa. Walikuwa hawasalimiani, kwa maana padri mzee alikuwa amekataza, wasije wakawakwaza waumini. Hata sokoni, Joab alikuwa akimwona kwa mbali huzunguka upande wa samaki, akanunue mboga zilizonyauka kwa watu wengine. Mboga za Nasipwondi zilikuwa mbichi, jamani! Lakini dini ni dini.

Siku moja alimuuliza Bi Mwanaesha kama yeye huelewa Kiarabu anachosali. Mwenyeji wake hakuona haya kusema ukweli. "Si chote," alisema. "Lakini darasa twasomeshwa kwa Kiswahili, na nisichokijua nauliza, nafasiriwa. Sisujudu gizani mimi." Neno hilo likamkaa Nasipwondi moyoni kama mwiba wa samaki kooni.

Ndipo likaja tangazo la padri kijana. Misa ya alfajiri, alisema, ingeanza Kiswahili mara moja, lakini saa hiyo Nasipwondi huwa sokoni akipokea mboga zake. Utata ulikuwa juu ya Misa ya saa tatu, Misa kubwa, yenye kwaya na ubani. Hakutaka kumlazimisha mtu. Wazee wa kanisa wangekutana Jumapili alasiri katika ukumbi wa shule na kuamua kwa kupiga kura. Akina mama waliruhusiwa kuja kusikiliza. Kusikiliza tu! Kazi hiyo si walikuwa wakiifanya tangu zamani?

Wakaja wengi kuliko viti. Nasipwondi alitoka sokoni mapema, akaoga, akavaa gauni lake la Pasaka, akapata nafasi nyuma karibu na dirisha. Kaingu, mwalimu wa shule, ndiye aliyefungua mjadala. Alisema Uhuru tumeupata, bendera ya mgeni tumeishusha, sasa yatuhusu nini kumwita Mungu kwa lugha ambayo hata watoto wake hawaijui? Vijana waliosimama mlangoni wakashangilia.

Bwana Menezes, karani Mgoa aliyeongoza kwaya, akainuka kwa upole. Naye hakuwa mjinga, tusimwonee. Alisema babu zake waliimba Misa hiyohiyo, na kwamba baharia Mkatoliki akishuka melini Kilindini, awe Mreno au Mfilipino, huingia kanisani akajiona yuko kwao. Mkimpa Kiswahili, mmemfungia mlango. Tena akauliza: leo mnabadilisha lugha, kesho mtabadilisha nini? Swali hilo liliwatia watu baridi. Gunga, katekista, akaunga mkono, akasema siri ya Mungu ikisemwa kama maneno ya sokoni itapoteza uzito.

Kisha akasimama Joab. Alikuwa amezeeka vizuri, mvi zimekaa mahali pake, na aliposema hakuinua sauti.

"Mimi Kilatini sikijui," alisema. "Lakini niliambiwa Kanisa halibadiliki. Nikaamini, nikalipa. Nyinyi vijana mmezaliwa ndani, hamkulipa kitu. Kilichonunuliwa kwa bei kubwa hakichezewi."

Wazee wakagonga meza kwa kukubali. Ilikuwa hotuba nzuri, hata Kaingu alitazama chini. Na padri alipoinua mkono awaite wapige kura, Nasipwondi akajua kwamba yamekwisha, kwamba atakufa bila kusikia. Hakupanga kusimama. Miguu ndiyo iliyomsimamisha.

"Joab hakulipa," alisema. "Aliyelipa ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka. Gunga akamkumbusha, kwa ukali wa mtu aliyepewa cheo kidogo, kwamba akina mama walikuja kusikiliza. Bwana Menezes, ambaye kweli hakujua, akauliza huyu mama ni nani. Hakuna mzee aliyethubutu kujibu, ingawa zaidi ya nusu yao walijua. Joab alikuwa akitazama viatu vyake.

Jibu likatoka mbele, benchi la wake za wazee. Jael alikuwa amesimama, mkoba wake kifuani.

"Ni mke mwenzangu," alisema. "Mwacheni aseme."

Neno hilo halikuwa limetamkwa mahali pale tangu ukumbi ujengwe. Mke mwenza! Mtu mmoja akakohoa. Jael hakukaa, aliacha benchi la mbele, akapita katikati ya ukumbi mzima mbele ya macho ya watu, akaenda kusimama karibu na dirisha. Hawakushikana mikono wala hawakutazamana, lakini Nasipwondi alipata nguvu ambazo dakika iliyopita hakuwa nazo.

Akasema. Alieleza sanduku, na barabara, na nauli. Hakulia hata kidogo. Alisema siku ile aliuliza ni neno gani la Mungu linalomtoa, akaambiwa halibadiliki, basi, na yeye hajauliza kama labadilika au halibadiliki, ameuliza ni lipi. Ndiyo maana akabatizwa, ndiyo maana akaketi benchi lile mpaka likamjua, akilitafuta hilo neno kila Jumapili, na kila Jumapili likisomwa kwa lugha asiyoijua.

"Mwizi wa kuku akihukumiwa," alisema, "husomewa hukumu yake. Hata mahakama ya mkoloni ilikuwa na mkalimani. Mimi nilihukumiwa na kanisa hili. Nisomeeni hukumu yangu kwa Kiswahili."

Padri kijana uso ulimwiva. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hupata taabu sana katika mambo kama haya. Akaanza kumweleza taratibu kwamba maaskofu wamebadilisha lugha ya ibada, si sheria ya ndoa, kwamba asije akatumaini kuwa labda...

"Sijaomba mume, Padri," Nasipwondi alimkata. "Mume gani, huyu anayekimbia mboga?"

Upande wa wanawake ukapasuka kwa kicheko, na kicheko hicho kikawaambukiza vijana wa mlangoni. Bwana Menezes mwenyewe alifunika mdomo na leso. Joab peke yake hakucheka. Padri, asijue la kufanya, akamgeukia na kumuuliza kama mzee ana neno la kuongeza kabla ya kura.

Joab alisimama polepole akishika kiti cha mbele yake. Hotuba nzuri ya mwanzo ilikuwa imemtoka yote, na alipopata sauti ilikuwa ndogo mno hata waliokaa nyuma wakainama mbele ili wasikie.

"Kama linaweza kubadilika," alisema, "basi nilimtoa bure."

Hapo ndipo watu walipoelewa kwamba mzee huyu hakuwa anatetea Kilatini. Miaka yote alikuwa anatetea mlango ule alioufunga.

Nasipwondi alikuwa amewaza mara nyingi kitandani kwamba siku akimsikia Joab akisema hivyo angepiga kigelegele. Sasa alimwona mzee aliyeshikilia kiti asianguke, akamwonea huruma, na huruma yenyewe ikamuudhi. Hakutaka kumhurumia. Wala hakutaka kumwongopea.

"Bure, Joab," alisema. "Bure kabisa."

Joab akakaa. Padri akafanya haraka, kama mtu anayetaka kufunika chungu kinachochemka, akatangaza kura. Wanaotaka Misa ya saa tatu iwe ya Kilatini kama zamani? Mikono ya wazee ikainuka mmoja mmoja, Bwana Menezes, Gunga na wengine, na wote walikuwa wanamsubiri Joab. Mkono wa Joab ulibaki gotini. Wanaotaka Kiswahili? Kaingu akainua wake, na wazee wawili watatu wa upande wake.

Nasipwondi naye akainua.

Jael akainua. Mama aliyekaa mbele yao akageuka, akawatazama, akainua. Kisha benchi zima, na benchi la mbele yake, na wale waliokosa viti wakasimama ukutani, mikono ya kufua na ya kupika na ya kusuka nywele, yote juu. Gunga aliruka akasema kura ni ya wazee tu, akina mama washushe mikono. Padri akaomba vivyo hivyo, kwa adabu, akaomba tena. Ukumbi ulikuwa na joto na mikono ilianza kuuma. Hakuna aliyeshusha.

Padri akawatazama wazee, na wazee wakamtazama Joab. Joab alikuwa amefumba macho. Basi kijana wa watu akafuta jasho, akashuka jukwaani, akatembea mpaka upande wa wanawake na kusimama pale kama mgeni asiyejua aketi wapi. Aliinua kidole chake aanze kuhesabu kutoka benchi la mbele, la wake za wazee, kama desturi ilivyokuwa katika kila jambo la kanisa.

"Huko sipo," Nasipwondi alimwita kutoka dirishani. "Anzia kwangu."