Kigae cha Honoré

Katika Cimpunda yote, kartie moja ya muji wa Bukavu, hakukuwa mutu wa kufufua vitu vilivyokufa kama Maman Emérence; yeye mwenyewe alisema hivyo, tena kwenye mulango wa kanisa. Halafu aliongeza, maana kanisa liko karibu, kwamba saa ya marehemu mume wake aliifufua mara mbili, na tangu pale inaonyesha saa ine, asubuhi na magaribi.

Ufundi wake hasa ulikuwa mapile, betri za redio. Mwaka ule wa tisini na tisa vita ilikuwa imefunga barabara, na pile mupya ilitafutwa kama dawa. Kila nyumba ilipanga mapile yake mazee kando ya mbabula, jiko la makala ya moto, yapate joto lake, na redio ilisema tena robo saa. Emérence aliyageuza kama mukate, upande huu na upande huu, yasiungue.

Mujukuu wake Honoré alikaa kwake akimaliza masomo ya fizikia. Siku ya Posho, Jumamosi, angetetea mémoire yake, kitabu cha kumaliza masomo, mbele ya jury ya maprofesa. Profesa Théodore, aliyetoka mbali juu ya kazi hiyo, angepanda ndege siku ya Kazi Moja, Jumatatu, na hakuna aliyejua atarudi mwaka gani. Na mémoire yote ilisimama juu ya kigae kimoja cha seramiki, chembamba, kikubwa kama kizibo cha chupa, kilichopita mipaka ndani ya soksi. Ukifunga nyuzi zake kwa pensi za nguo, vibanio vya kuanikia, na kukigonga na kijiko, taa ndogo nyekundu inawaka, bila pile.

Siku ya ine, Alhamisi, Honoré alishuka kuchota maji. Emérence akakigonga kigae. Taa ikawaka, lakini kinyonge, kama mutu aliyelala na njaa. Kitu cha kwenda mbele ya maprofesa kiende hivyo? Alitoa pensi, akakilaza kigae katikati ya mapile, pale makala yalipokuwa mekundu kabisa, akakisalia rozari nzima.

Alipokirudisha kwenye nyuzi, alikigonga mara tatu. Mara tatu taa ilimutazama tu.

Honoré aliporudi alikigonga naye, akaketi juu ya bidon ya maji. Aliuliza nani amekigusa.

— Mume wangu, alisema Emérence, maana ndivyo koko, yaani bibi, anavyomuita mujukuu, ni Papa Stanislas. Alipita kusalimia, akakikalia.

Papa Stanislas alikuwa katekista, na benchi la mbele kanisani lilikuwa limeinama upande wake. Uongo ulikaa vizuri. Honoré alikigeuza kigae, akakinusa, akasema aah, basi.

Halafu, sababu koko wake alitaka kujua kama kimekufa kweli, alimweleza. Ndani ya kigae muko kartie nyingi ndogo ndogo, na katika kila kartie nyumba zote zinatazama upande mumoja. Kiwandani umeme mukubwa uligeuza milango ya kartie zote pamoja, ndiyo maana kigae kina nguvu. Umeme mwingine ukija kinyume, milango inageuka. Na mutu akikandamiza sana, milango mingi inageuka kando.

— Sawa na Bukavu, alisema Emérence. Jeshi likiingia, milango yote inatazama barabara yake.

Honoré alicheka kidogo. Kesho yake alikwenda kwa fotografe Zagabe kuazima flashi, maana ndani ya flashi muko umeme wa kutosha kigae chembamba. Lakini flashi ilitaka mapile mane. Emérence alileta mane yake yaliyoiva vizuri, na mujukuu alimushukuru mpaka koko akatazama chini. Walipasha mafuta ya mawese, joto la kulegeza milango tu, wakazamisha kigae ndani, flashi ikakisukuma upande mumoja, na hawakukata umeme mpaka mafuta yalipopoa. Kisha Honoré alimupa koko kijiko. Taa iliwaka kushinda zamani.

Siku ya Posho Emérence alikaa mustari wa mbele na kitambaa chake cha Pasaka. Nyuma yake alikaa Papa Stanislas, ambaye Honoré alikuwa amemwalika bila kusema sababu. Taa iliwaka mbele ya jury, mara ya kwanza na ya kumi. Profesa Théodore alifurahi kusikia namna Honoré alivyokirudishia kigae nguvu, lakini aliuliza kilipoteza nguvu namna gani.

Honoré alijibu kwa heshima kwamba, kufuatana na koko wake, Papa Stanislas alikikalia.

Profesa aliwaza. Alisema uzito unageuza milango mingi, ndiyo, lakini haugeuzi yote. Kigae kilichokaliwa kingebaki na mwanga kidogo. Je, kilibaki na kidogo? Honoré alisema yeye alikikuta kimya, lakini pengine aligonga vibaya.

Emérence aliona kazi ya mujukuu inataka kuanguka pale pale. Alisimama.

— Hakugonga vibaya, Papa Profesa, alisema. Kilikuwa kimya kabisa. Miye mwenyewe niligonga mara tatu, kingali na moto wa mbabula.

Benchi la nyuma yake lililia, maana Papa Stanislas alikuwa anainuka polepole.