Glukosi ya Profesa

Maabara nzima ilimwita Kiherehere, na jina hilo alilipenda, maana kazi ilimwasha mikono. Lakini asubuhi ile mikono ilikuwa kiunoni. Profesa alisimama mbele ya friji, akinyooshea kidole sahani za bakteria za Kiherehere. Zote zilikuwa nyeupe pe. Kama jeni aliyowapandikiza ingefanya kazi, zingekuwa bluu.

"Binti yangu, jeni imekufa," Profesa alisema kwa upole. "Kesho tuzichome, tupate nafasi. Kwenye mkutano wa maabara nitakusemea mimi, usijali."

Siku zote alimsemea. Alikuwa mzee wa moyo wa kutoa; mbele yake hakulala njaa mtu wala kijidudu. Kila chakula cha bakteria kilichopikwa pale alikitia glukosi kwa mkono wake, ili wanawe, kama alivyowaita, wastawi haraka.

Kiherehere alilitazama kopo la glukosi mezani, akaguna.

"Haijakufa, Profesa. Imefungwa."

"Umejuaje?"

"Seli haifungui kila jeni iliyo nayo, ingefilisika. Hii ni ya kutengeneza kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa. Kuna protini imeikalia kama mlinzi getini, na sukari ya maziwa ikiingia, mlinzi anaondoka. Hiyo tumeweka. Lakini sukari rahisi kama glukosi ikiwa tele, seli ihangaike na maziwa ya nini? Jeni inabaki imesinzia. Tumewashibisha mno."

"Nimewashibisha," Profesa alisahihisha, uso umemshuka.

"Mgeni siku mbili, Profesa. Ya tatu mpe jembe."

Mzee alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Haya, mpaka kesho asubuhi. Zikiwa nyeupe, nachoma mwenyewe."

Kiherehere alipika chakula kipya: sukari ya maziwa, rangi ya kupimia ambayo kimeng'enya kile huigeuza bluu, glukosi hata chembe hakuna. Akawapaka bakteria wale wale, akazifungia sahani kwenye kabati la joto. Kisha akaenda nyumbani, akala, akalala fofofo. Kazi yake aliijua.

Asubuhi alimkuta Profesa amemtangulia, ameinua sahani dirishani. Ilikuwa imejaa madoa ya bluu, bluu ya wino.

"Ni wale wale?" aliuliza mzee.

"Wale wale. Na jeni ile ile."

Profesa alilitazama kopo lake la glukosi, akamtazama Kiherehere, akalitazama kopo tena. Kisha akalifunga kifuniko, akalipandisha rafu ya juu kabisa.

"Mkutano unaanza sasa hivi," alisema. "Mimi leo nakaa nyuma."

"Sasa nani atanisemea?" Swali lilimtoka kwa mazoea.

"Hakuna," alisema Profesa, akamkabidhi sahani.

Hapo ndipo Kiherehere alipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akatangulia mlangoni.