Kifuu cha Asma

Asma alifia njiani kwenda hospitali ya Wete, maana gari ya wagonjwa haikuwa na mafuta, na wakubwa wa serikali magari yao yamejaa mafuta. Tangu hapo binti yake Zulekha hali kitu, ila ataka mkate wa kumimina wa mama yake. Leo baba yake, Haroub, akasaga mchele na nazi, akatia hamira, akapalia makaa juu na chini. Mkate ukatoka mgumu kama kigae.

"Baba, mchele umepimia nini?"

"Bakuli."

"Mama akipimia kile kifuu chake cheusi. Kiko wapi?"

Haroub akatazama mekoni. Ndicho alichowashia moto.

"Wakubwa ndio waliomuua mama yako!" akafoka.

"Na kifuu je, baba?" Zulekha akauliza, akageukia ukutani.